Nimeharibu uta wa mjomba nikidhani naunyoosha

Shikamoo Fundi,

Mimi ni seremala wa miaka 27, nafanya kazi nje kidogo ya mji wa Kitui, karakana moja na mjomba wangu. Yeye anachonga nyuta tangu sijazaliwa. Wateja wetu ni vikundi vya ngoma, klabu moja ya kulenga shabaha, na wageni wanaotafuta kitu cha ukumbusho.

Mjomba hukata mti wa mkole ulionyooka, unene wa kifundo cha mkono, akaambua gamba, akachonga tumbo kwa panga kisha kwa kisu, akaupitisha juu ya makaa, na siku ya tatu au ya nne upote, yaani kamba ya uta, umefungwa. Vipimo vyake ni kiganja na jicho. Mimi nilifunzwa vingine. Nanunua mbao kavu iliyopasuliwa, urefu sm 150, upana sm 5. Katikati naacha sm 30 zisizopinda, yaani mshiko pamoja na miteremko yake miwili. Nachora kwa rula, nakata kwa msumeno, kisha nasawazisha kwenye ubao wa ukutani wenye kapi na mizani ya ndoano kama ya buchani. Nalenga kilo 18 upote ukivutwa hadi sm 70.

Mwaka huu pinde zangu mbili zimevunjika, moja ikiwa mikononi mwa mteja. Mjomba alicheka, akasema mbao ya yadi ni ya mlango. Nami kwa hasira nikamjibu mbele ya mteja yuleyule kwamba nyuta zake hulala: ukifungua upote, ncha zinabaki zimepinda sm 6.

Hilo tungelimaliza. Kilichozidisha ni kwamba aliacha uta mmoja haujakwisha, wenye pindo la asili kwenye mkono wa chini, yaani nusu ya uta iliyo chini ya mshiko, na kifundo cha tawi mgongoni. Nikaona nimsaidie kabla hajarudi kutoka sokoni. Nikaukunja kidogo, nikapitisha kigogo changu chenye penseli, kikatia alama sehemu ngumu, nikaiparua. Halafu nikakilaza kile kifundo kwa randa kikawa sawasawa na mgongo, safi kabisa. Aliporudi akauvuta, ukapasuka palepale kifundoni. Hakusema neno. Sasa ni wiki ya tatu, ananiitikia salamu tu.

Njia ipi ndiyo sahihi? Mbona zangu zinavunjika ilhali nimepima kila kitu? Na mjomba nimwendeeje?

Seremala, Kitui

JIBU

Marahaba, seremala. Tuanzie kwenye kile kifundo, kwa sababu ndicho kilichoupasua uta na ndicho kinachoeleza pia kwa nini mbao zako zinavunjika.

Upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, unanyooshwa. Tumbo, upande unaomtazama mpigaji, linabanwa. Mti ukivunjika ghafla kwa kishindo, mara nyingi umeanza kuachia mgongoni. Mjomba wako akiambua gamba la mkole haguzi kitu kingine upande huo. Mgongo wa uta wake ni ngozi ya mti kama ulivyoota, na kila uzi unatoka ncha moja hadi nyingine bila kukatwa. Penye kifundo, nyuzi hulizunguka tawi kama maji yanavyolizunguka jiwe mtoni, na zikizunguka zinainuka, ndiyo maana pana kinundu. Kinundu hicho ni nyuzi zenyewe. Ulipokilaza kwa randa ulizikata zote mahali pamoja, tena mahali ambapo tayari zilikuwa zimejipinda. Kifundo cha mgongoni huachwa kisimame, hata milimita 3 juu ya wenzake, na mkono huachiwa upana zaidi kidogo pale ili kulia na kushoto kwa kifundo pabaki mti wa kutosha. Kinachoruhusiwa kukigusa ni ukucha, kipande cha kitambaa kikavu, na mwisho msasa laini sana unaofuata nyuzi.

Kosa la pili ni la kigogo cha penseli, na hili ni gumu zaidi kuliona kwa sababu chombo chenyewe ni kizuri. Kwa wasiokijua: ni kipande cha mbao cha sm 15 hivi, chenye tundu katikati lililopitishwa penseli. Unaukunja upinde, unakitelezesha tumboni, na ncha ya penseli umeirekebisha iguse kwa shida pale palipopinda kuliko kote. Palipo bapa, yaani pasipopinda vya kutosha, penseli inaandika, na hapo ndipo pa kuparua. Kwa upinde wa ubao, uliokuwa umenyooka kama rula kabla ya kukunjwa, kigogo hakidanganyi. Uta wa mjomba haukuwa umenyooka. Pindo lile likielekea upande wa mgongo, basi hata likikunjika sawa na sehemu nyingine litaonekana bapa, na penseli itaandika. Ukaparua mahali palipokuwa pazima, ukapadhoofisha, na sehemu dhaifu ndiyo inayojikunja kupita wenzake.

Upinde wenye mapindo ya asili hupimwa kwa badiliko, si kwa umbo. Uegemeze ukutani, uchore kwa mkaa mstari wa tumbo kabla hujaukunja. Ukunje kidogo kwa upote mrefu, uchore tena. Kisha tazama umbali kati ya mistari miwili unavyoongezeka kutoka mshikoni hadi nchani: ukiongezeka polepole bila kuruka, mkono ni mzuri hata kama unafanana na nyoka. Mjomba anafanya hivyohivyo, ila mchoro wa kwanza ameuweka kichwani siku alipoukata mti. Ndiyo sababu fundi haugusi upinde wa mwenziwe uliofika katikati. Anayekuja baadaye hana ule mchoro.

Sasa mbao zako. Ulipima upana, urefu na kilo. Nyuzi hukuzipima. Ubao wa yadi umepasuliwa na msumeno unaofuata mstari wa fundi, si mstari wa mti, kwa hiyo nyuzi zinaweza kuingia upande mmoja wa mkono na kutokea upande wa pili baada ya sm 20. Zinapotokea mgongoni, ndipo kibanzi kinapoinuka. Watu hufundishwa kutazama pete za mti kwenye ncha ya ubao, lakini miti yetu mingi ya huku haina pete zinazosomeka vizuri. Tazama badala yake vile vijistari vidogo vyeusi kama mikwaruzo ya sindano juu ya uso wa ubao; hivyo ni vinyweleo vya mti, na vinakwenda na nyuzi. Vitazame nyuso zote nne. Vikiukimbia ukingo wa ubao upesi, achana nao. Na mvule usiuguse kwa kazi hii hata ukiwa umenyooka machoni: nyuzi zake hupishana tabaka kwa tabaka, hizi zikielekea kulia, zilizo chini yake kushoto.

Jaribio la kuaminika halihitaji hata miwani. Kata kipande cha sm 30 kwenye ncha ya ubao huohuo unaotaka kuutumia, kisimamishe, kipasue katikati kwa panga na nyundo ya mti. Mpasuko ukishuka wima, ubao unafaa. Ukipinda ukatokea ubavuni, ujue na upinde utatokea hapohapo. Kisha chonga kijiti cha unene wa milimita 5 kutoka kipande hicho, ukikunje mpaka kivunjike. Kikivunjika kwa vibanzi virefu vinavyong'ang'aniana, mti una uhai. Kikikatika kavu kama karoti, mti huo ni mkavu kupita kiasi, au umeoza kwa ndani, au ni wa aina isiyovumilia. Angalia kwamba hapa umeutumia upasuaji wa panga, ambao ni wa watu wa mti mzima, kumlinda mtu wa rula.

La pili ni urefu. Sm 150 ukitoa sm 30 zisizopinda, umebakiza mikono ya sm 60, na unataka kuvuta sm 70. Kwa upinde wa mshiko mgumu, usiobandikwa kitu mgongoni, zidisha mvuto wako mara mbili kisha ongeza sehemu isiyopinda: 140 na 30, jumla 170. Hizo sm 20 ulizobana ndizo zilizoubana mti. Uta wa mjomba unapinda kidogo hata mshikoni, kwa hiyo urefu wake wote unafanya kazi. Ndiyo maana mti mwembamba na wa mviringo unamvumilia.

La tatu ni haraka kwenye ubao wa kuvutia. Mizani inakwambia kilo, na kilo zinashawishi. Ukitaka upinde wa kilo 18, usiuvute kupita kilo 18 hata siku moja, ijapokuwa mwanzoni utazifikia ukiwa sm 30 tu. Paruza, kunja mara 30 kwa mvuto huohuo mfupi, ndipo utazame tena, kwa sababu mti hauonyeshi mara moja kilichoondolewa. Mikono yote miwili ikipinda sawa, ongeza sm 5. Ukiona mahali pamoja panajikunja kama kiwiko, pazungushie alama na usipaguse tena. Kazi yako iko kila mahali isipokuwa hapo. Na uwe mwangalifu zaidi ukipunguza unene kuliko ukipunguza upana. Ugumu hufuata unene ukizidishwa kwa unene na tena kwa unene: kutoka milimita 12 kwenda 11 umepoteza karibu robo ya nguvu, wakati kupunguza upana kutoka sm 5 hadi 4.6 kunakula asilimia 8 tu. Wengi wanaolia kwamba upinde umeshuka ghafla kutoka kilo 22 hadi 15 walikuwa na randa mkononi mahali palipotaka kipande cha kioo cha kuparuzia.

Kingo za mgongo zizungushe kwa milimita 3, maana kona kali ndipo kibanzi kinapoanzia. Msasa wa mwisho uende kwa urefu, usiache mkwaruzo hata mmoja unaokatiza. Mkato wa kushikilia upote uchongwe ubavuni, usiukatize mgongo. Ukitaka bima, gundisha mgongoni tabaka moja la lineni au pamba nzito kwa gundi nyeupe ya mbao, uache siku 3. Kitambaa kinazuia kibanzi kidogo kisiinuke. Ubao wenye nyuzi zinazokimbia hakiuokoi.

Tugeukie lawama uliyomtupia mjomba mbele ya mteja. Sm 6 za kulala ni nyingi. Kwa urefu wa kawaida, sm 3 au 4 huwa hazisumbui. Kipimo chako kilikuwa sawa. Sababu uliyoipachika, kwamba njia yenyewe ni mbovu, ndiyo haikuwa sawa. Upinde hulala pale nyuzi za tumbo zinapobanwa zikakubali kubaki hivyo, na mti wenye maji hukubali upesi. Mkole uliokatwa Jumatatu na kufungwa upote Alhamisi bado una maji ndani hata kama nje umekauka. Tumbo la mviringo linaongeza: mzigo wote unaangukia kwenye ukanda mwembamba wa katikati, na ukizidi sana unaona mistari midogo inayokatiza tumbo kama alama za kucha. Hiyo ni mikunjo ya nyuzi, haitengenezeki.

Makaa yake basi si mapambo. Joto hukausha tumbo na kuligumisha lisibonyee. Tumbo likitazama makaa kwa umbali wa shibiri, likisogezwa polepole mpaka rangi ifanane na chai ya maziwa iliyokolea, uta huo utalala kidogo kuliko ungelala bila moto. Lakini baada ya moto mti unakuwa mkavu kupita kiasi na unavunjika kirahisi. Unahitaji siku 3 kivulini ujirudishie unyevu wa hewa kabla ya kuvutwa. Kama mjomba anauchoma siku ya pili na kuufunga upote siku ya tatu, hapo pana jambo la kuzungumza, na ni la ratiba tu. Uta uliokwisha kuchongwa umbo la mwanzo, ukaachwa mnene kwa milimita 5 na ncha zake kupakwa gundi zisipasuke, hukauka kwa wiki kadhaa badala ya miezi. Pima uzito wake kwenye mizani kila siku 3. Ukiacha kupungua, umekauka kadiri hewa ya Kitui inavyoruhusu, na hewa ya Kitui inaruhusu sana.

Umeuliza njia ipi ni sahihi. Swali hilo limejibiwa na mti kabla yetu. Denmark, kwenye kinamasi cha Holmegaard, zilipatikana pinde za kale mno za mti uitwao elmu, zenye mikono mipana na bapa. Meli ya kivita ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama 1545 na kuopolewa 1982, ilikuwa na pinde zaidi ya mia moja za mti uitwao yuu, nyembamba, nene, zenye tumbo la mviringo. Yuu huvumilia kubanwa, kwa hiyo tumbo la mviringo halimsumbui; elmu mgongo wake ni imara kuliko tumbo, ndiyo maana alitandazwa. Wajapani wanashika upinde wao wa zaidi ya mita 2 chini ya katikati, karibu theluthi kutoka chini, na mtu wa kigogo cha penseli angeuparua mkono wa juu mpaka ufe akidhani ni kosa. Na hapa jirani, upande wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, Wahadzabe wanachonga kwa kisu na shoka pinde za mti wa mviringo zenye upote wa kano za mnyama, na nyingi ni nzito kuliko kilo 18 zako kwa mbali.

Kazi nayo inaamua. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hiyo pinde zenu ni za shabaha na za ngoma. Mchezaji wa ngoma anauvuta nusu, anauangusha, anaurusha kwa mwenziwe. Mpe mti mzima, hauna kibanzi cha kumchoma. Klabu inataka pinde sita za kilo 15 zinazofanana, na watoto wavute mamia ya mara kwa wiki. Hapo ubao na mizani vina faida ambayo jicho la mjomba haliwezi kuirudia mara sita. Mteja akiuliza ipi bora, mwulize yeye anataka kuufanyia nini. Mwambie pia jambo ambalo ninyi wawili mnakubaliana na wateja hawalijui: upote usiachiwe bila mshale, na upinde usiachwe usiku kucha upote ukiwa umefungwa.

Sasa mjomba. Nenda jioni karakana ikiwa imefungwa, wala usimpeleke mtu wa kukusemea, kwa kuwa hujakosana naye kwa ukoo, umekosana naye kwa kazi. Chukua vile vipande vya uta wake uliopasuka, mwonyeshe mpasuko ulipoanzia, umwambie kwa maneno yako: "Mjomba, nilikata nyuzi za mgongo pale kwenye kifundo, na pindo nilidhani ni ugumu." Usiseme "nisamehe kama nimekukosea". "Kama" ni neno dogo lakini litamwambia bado hujajua ulichofanya. Yule mteja uliyezungumza mbele yake, mpigie simu mjomba akisikia, useme uliropoka.

Fidia isiwe pesa. Tafuta mkole mmoja kwa ruhusa ya mwenye shamba, usio na matawi kwa urefu wa mtu. Tazama gamba kabla ya kukata: mistari yake ikizunguka mti kama kamba, na nyuzi zinazunguka, uache. Ukiupata, usiuambue wala kuugusa kwa kisu. Mletee na gamba lake, ncha umezipaka gundi.

Halafu mwombe kitu kimoja. Kabla ya kununua ubao wa upinde wako ujao, muombe mwenye yadi akukatie kile kipande cha sm 30, umpe mjomba na panga lake. Mpasuko ukishuka wima, nunua ubao wenye urefu wa sm 170. Ukiyumba, mjomba atakuwa amesema kweli kuhusu ubao huo mmoja, nawe utakuwa na mlango.